Ubao wa Ukunda na Kesi ya Mbuzi

Juzi alinijia hapa Kombani mwalimu mmoja kijana, anafundisha sheria chuoni. Aliketi kwenye kiti changu, akatoa simu hata kabla chai haijafika.

"Mzee, wanafunzi wangu nimewafungulia blogu ya darasa. Kila wiki naweka swali wajadiliane. Hawajadiliani."

"Wanaandika nini?"

"Tazama mwenyewe."

Nikavaa miwani. Chini ya swali refu kuhusu uzembe, lililopambwa kwa picha ya mizani, zilikuwapo asante tupu. Asante mwalimu. Asante sana mwalimu. Mmoja alikuwa ameweka vile viganja viwili vilivyokutana, kana kwamba anamwombea. Nilicheka hadi kijana akaanza kuudhika, nikamtaka radhi na kumwambia anywe chai kwanza. Halafu nikamsimulia habari za ubao wa Ukunda. Alipoondoka nikaona niziandike, maana si yeye peke yake mwenye darasa la asante.

Kwa hivyo haya ni yenu, nyinyi vijana mnaofundisha sheria na kulia kwamba wanafunzi hawasemi. Mimi blogu sikuwahi kuwa nayo. Miaka ile ya mwisho wa tisini, kompyuta pekee niliyoijua pale Ukunda ilikuwa ya ofisi moja ya hoteli, na ilikuwa inafunikwa kitambaa kila jioni kama mkate. Lakini darasa bubu ninalijua vizuri sana. Nililipata la kwangu, nikalihangaikia, na lilipokuja kufunguka mdomo nilikuwa natamani mara nyingine linyamaze kidogo nipumue.

Jina langu ni Nzioka. Mimi ni mtu wa Ukambani niliyeletwa pwani na kazi na nikasahau kurudi. Chuo chetu makao yake makuu yalikuwa Nairobi, nacho kilikuwa kimekodi chumba Ukunda, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Jioni walikuja kusomea cheti cha sheria watu wazima waliotoka kazini: watu wa hoteli za Diani, makarani wa Kwale, akina mama wa vikundi, na askari polisi mmoja ambaye kila nikitaja haki za mshukiwa alikuwa anafunga kalamu yake.

Walikuwa wanafunzi wazuri. Walifika mapema, waliniamkia mmoja mmoja, walinakili kila nilichosema, hata nikikohoa. Nikiuliza swali, wote waliinua macho kutazama feni. Mwalimu wangu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa amenifundisha jambo moja: swali uliloliuliza wewe, usilijibu wewe. Basi jioni moja niliuliza ni nini kinachoufanya mkataba uwe mkataba, nikafunga mdomo wangu, nikaketi. Tuliketi hivyo, mimi na wao na feni, mpaka adhana ya magharibi ikatuokoa. Walipokuwa wanatoka, mmoja akaniuliza kwa huruma kama nilikuwa ninaumwa.

Aliyeniletea dawa alikuwa Wafula. Huyu alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Diani, mtu wa Bungoma, mdomo wake haujui likizo isipokuwa darasani kwangu. Hoteli yao ilikuwa inakarabatiwa, ikatupa ubao mkubwa wa matangazo, ule laini wa kuchomeka pini, mrefu kumshinda mtu. Wafula akauleta kwa mkokoteni.

"Mwalimu, si uweke swali hapa, watu wajibu na karatasi? Hapo juu watu wanaona haya. Mi mwenyewe Kiingereza yako inanitoa jasho."

Mwenye nyumba alitukataza kutoboa kuta za juu, kwa hivyo tukauegemeza chini, kwenye ujia ulio mbele ya ngazi, pale kila apandaye na ashukaye lazima aupite. Nikabandika swali la kwanza. Siku mbili zikapita, kisha karatasi moja ikatokea, halafu ya pili. Nilifurahi kupita kiasi. Nikachukua kalamu nyekundu nikasahihisha zote mbili papo hapo, nikaweka alama na maneno "jitahidi zaidi". Basi tena! Ubao ukakauka. Pini zilibaki zenyewe zikishika upepo.

Kijana, hilo ndilo la kwanza. Ukitaka watu waseme, weka kalamu yako mfukoni. Wakikosea, mwache mwenzao awasahihishe, na mwenzao naye akikosea, nenda kanywe maji. Niliondoa karatasi zile, nikaandika swali jipya kwa Kiswahili, nikatangaza kwamba ubaoni Kiswahili ni halali, na kwamba mtu asipotaka kuandika jina lake achague lakabu. Sharti lilikuwa moja tu: usiseme jambo bila kuonyesha sheria inayolibeba. Maneno matupu tulikuwa tunayatoa.

Lakabu ndizo zilizofanya kazi, au ndivyo nilivyodhani. Wafula alijiita Chupa. Askari alijiita Raia Mwema, na hakuna aliyecheka mbele yake. Wakatokea wengine wawili, Nanga na Upawa, na hao ndio walioufanya ubao uwe ubao. Nanga akiandika leo, kesho Upawa amembandikia jibu chini yake, kali, safi, lenye kifungu cha sheria mwishoni kama pilipili. Keshokutwa Nanga amerudi. Watu walianza kufika mapema zaidi, wananunua viazi karai kwa Mama Saumu aliyekuwa na karai lake pale nje, wanasimama ujiani wakisoma huku mikono inameremeta mafuta. Nusu ya hoja zetu za mwaka ule zilinukia ukwaju.

Mimi nilizijua hati za watu wangu, kwani ni mimi niliyesahihisha mazoezi yao. Nanga alikuwa Bakari, kijana mwembamba wa mapokezi katika hoteli iliyokuwa imefungwa kwa kukosa wageni. Upawa alikuwa Bi. Mwanasha wa Mwabungo, mama wa makamo, kiongozi wa kikundi cha wanawake, ambaye alikuja kusoma kwa sababu alichoka kuulizwa habari za mirathi na talaka na kujibu kwa kubahatisha. Darasani Bakari aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, Bi. Mwanasha mbele kabisa karibu na dirisha, na wote wawili hawasemi neno. Nilijiona mjanja sana. Nilijiambia: hawa hawajui kwamba wanapigana wao kwa wao, ni mimi tu ninayejua.

Sasa mbuzi. Mama Saumu wa viazi alikuwa na mbuzi jike, mweupe mwenye doa jeusi mgongoni, aliyezoea kula magazeti ya kufungia viazi. Mbuzi huyo hakuwa na adabu hata chembe. Jioni moja Wafula alikuwa ameandika jibu la mkataba, kurasa tatu, jibu la kwanza refu maishani mwake, na kwa kuwa juu pamejaa akalibandika chini. Tukapanda darasani. Tuliposhuka, mbuzi alikuwa amesimama mbele ya ubao, ametulia kama msomaji, na kona ya mwisho ya ukurasa wa tatu inaingia mdomoni.

"Mwalimu! Hiyo mbuzi imenimaliza!" Wafula alishika kichwa. "Kazi yangu yote! Na ilikuwa imeiva!"

"Mbuzi wangu hamjui mtu," Mama Saumu akajibu kutoka kwenye karai, hata hageuki. "Nyinyi ndinyi mliomwandalia."

Kijana, siku kama hiyo ikikujia, usiipoteze kwa kufukuza mbuzi. Kesho yake niliandika ubaoni: Je, Mama Saumu anawajibika kwa Wafula? Sijawahi kuuliza swali zuri kuliko hilo, na sikulipata kitabuni. Karatasi zilimiminika. Raia Mwema alitaka mbuzi akamatwe. Upawa aliandika kwamba mwenye mnyama anayejua tabia mbaya ya mnyama wake hawezi kujifanya haoni, na tabia ya mbuzi huyu kila mla viazi anaijua. Nanga akajibu kwamba ujia ni njia ya wote, na mwenye kubandika karatasi kwenye kimo cha mdomo wa mbuzi amejitakia. Upawa akarudi. Nanga akarudi. Hata Mama Saumu alianza kuniuliza kila jioni, "Leo nimeshinda au nimeshindwa?" Nami nilikuwa namsomea.

Nilipeleka kesi hiyo Nairobi kama ilivyo, nikaomba iwe ndiyo kesi ya mahakama ya mazoezi katika mtihani wetu wa mdomo. Wakakubali. Kila mwanafunzi alipaswa kusimama mbele ya mtahini na kutetea upande mmoja dhidi ya mwenzake, na asiyesimama hapati cheti, hata kama karatasi zake nyingine zote ni za dhahabu. Jozi zilipigiwa kura makao makuu na kutumwa kwa simu. Nikaziandika, na moja ikanifanya nitabasamu peke yangu: Bi. Mwanasha amtetee Wafula, Bakari amtetee Mama Saumu. Upawa na Nanga, ana kwa ana. Nikasema Mungu anapenda ualimu.

Siku ya mazoezi niliwaita mbele. Bi. Mwanasha akainuka, akasimama mahali pake akitazama dirisha. Bakari akainuka pia, akaenda moja kwa moja mlangoni, akatoka.

Nilimfuata ngazini. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima, kwamba mtu anayeandika kama yeye kisha akakimbia meza ni mvivu wa kupindukia. Alisimama ngazi chache chini yangu, kichwa kimeinama.

"Samahani sana, Mwalimu. Siwezi."

"Huwezi nini? Hoja zote unazo!"

"Siwezi, Mwalimu. Uniwie radhi." Akashuka.

Nilirudi darasani nikakuta wote wanatazama feni, hata feni yenyewe imezimika. Wafula ndiye aliyenivuta pembeni baadaye.

"Mwalimu, kwani hujui? Yule mama ni mamake Mariamu. Mariamu ni bibi ya Bakari. Huyo ni mama mkwe wake!"

"Na darasa zima linajua?"

"Ukunda yote inajua. Tulidhani wewe pia unajua, ndiyo maana unamweka nyuma na mama mbele."

Mimi sikuwa nimemweka mtu popote, walijiweka wenyewe. Nikaketi kwenye ngazi. Huku pwani kijana akikutana njiani na mama mkwe wake hupisha, humwamkia macho yakiwa chini, hali naye kwenye sinia moja, wala hanyanyui sauti mahali alipo. Kushindana naye maneno mbele za watu ni jambo lisilotajika. Nami nisingeweza kusingizia ugeni, kwani kwetu Ukambani mwanamume mzima huingia kichakani na suti yake ili asikutane na mkwewe. Nilikuwa nimemtaka Bakari afanye jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelifanya kwa mshahara wa mwaka.

Nilipiga simu Nairobi kuomba jozi zibadilishwe. Sauti ya upande wa pili iliniuliza kama kuna undugu wa damu. Nikasema hakuna. Basi jozi zibaki, ikasema, tukianza kubadilisha kwa sababu ya wakwe hatutamaliza.

Jioni iliyofuata Bi. Mwanasha alibaki darasani wenzake walipotoka. Alijitanda vizuri leso yake, akaniambia kwa utaratibu wake ule ule.

"Mwalimu, nimesikia umepiga simu. Ahsante. Lakini nikujuze hali ilivyo. Wakili mmoja wa Kwale amemwahidi Bakari kazi ya ukarani akipata cheti hiki. Asipokipata, kakake amemtafutia kazi Uarabuni, na makaratasi yako tayari. Mariamu wangu ni mja mzito. Mimi sitaki kulea mjukuu anayemjua baba yake kwa picha."

"Bi. Mwanasha, ukijitoa wewe, Nairobi watampa mpinzani mwingine?"

"Nimeuliza. Wamesema asiyekuwa na mpinzani siku hiyo angoje mwaka ujao. Uarabuni haingoji mwaka ujao."

Nikasema lile lililokuwa linanisumbua. "Lakini ubaoni mlikuwa mkipambana vizuri! Pale hamkujuana."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Hatukujuana? Mwalimu, Bakari alikuwa anaandikia karatasi za hoteli yao, zenye mnazi juu. Nilimjua siku ya kwanza. Naye alinijua, na darasa lilitujua."

"Sasa lakabu zilikuwa za nini?"

"Kwani wewe ulidhani tunajificha?" Alicheka kidogo, kwa staha. "Lakabu ni stara, Mwalimu. Stara haimfichi mtu. Pazia la mlangoni kwangu kila mtu anajua nipo nyuma yake. Lakini likiwapo, Bakari aweza kuketi barazani tukazungumza. Upawa aweza kugombana na Nanga mpaka kuche. Mwanasha na Bakari hawawezi."

Kijana wangu mwenye blogu, hapa ndipo nilipotaka ufike. Miezi yote ile nilidhani nimewapa watu wangu kinyago. Kumbe wao walikuwa wametundika pazia, kila mtu anajua nani yuko upande upi, na adabu ya kila mtu iko salama. Watu hawanyamazi kwa kuwa hawana la kusema. Mara nyingi wananyamaza kwa kuwa mtu fulani yuko chumbani. Muulize kila mmoja wao, taratibu, ni nani huyo.

Siku ya mtihani alikuja mtahini, mama mmoja wa Nairobi mwenye suti nzito ambayo joto la Ukunda lilikuwa linaiadhibu. Bakari alifika. Alikuwa amevaa shati la kazi la hoteli, limepigwa pasi, na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Mezani kwake hakuweka hata karatasi moja. Mama Saumu alikuwa ameacha karai lake na kuketi nyuma, kwani kesi ilikuwa yake. Jozi yao ilipoitwa, Bi. Mwanasha alisimama akiutazama ukuta.

"Mheshimiwa, kabla ya kuanza nina ombi. Naomba ubao wetu uletwe, usimamishwe katikati ya meza hizi mbili."

Mtahini alishusha miwani. "Kwa sababu gani?"

"Mkwe wangu yuko upande wa pili, Mheshimiwa. Na kwa adabu zetu hatuwezi kubishana tukitazamana."

"Hii ni mahakama, mama. Mahakamani mawakili huonana."

"Naomba nionyeshwe kifungu, Mheshimiwa." Alisema hivyo kwa upole mtupu, kama anayeomba chumvi. "Mimi nimesoma kwamba wakili humwelekea hakimu. Sijasoma popote kwamba lazima amwone mpinzani. Mheshimiwa atatuona sote wawili na kutusikia sote wawili. Ubao hautamzuilia lolote."

Mtahini akanigeukia. Nikatazama feni. Kwa pembe ya jicho niliona tabasamu likimtoka pembeni mwa mdomo, akasema ubao uletwe, lakini muda unahesabiwa. Wafula na askari waliupandisha ngazini wakipiga kelele, wakausimamisha, na vipande vya karatasi za zamani bado vikining'inia kwenye pini. Upande huu Bi. Mwanasha, upande ule Bakari.

Bi. Mwanasha aliongea vizuri. Alimweka mbuzi mbele ya macho yetu, tukamwona akila gazeti la viazi mchana kweupe huku mwenyewe anamtazama. Alipomaliza, mtahini akasema, "Upande wa pili."

Mtahini akangoja. Nilikuwa naona mikono ya Bakari imeshika ukingo wa meza, na jasho linatiririka shingoni. Mtahini aliangalia saa yake, akainua kalamu. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliona ndege ya Uarabuni ikipaa.

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ubao.

"Mheshimiwa, msomi mwenzangu amenyamaza. Naomba mahakama imkumbushe kwamba ubaoni Nanga hakuwahi kuniachia hata siku moja. Kama leo hana jibu, basi hoja zangu zimesimama, na Mama Saumu amlipe Wafula."

Msomi mwenzangu! Ndivyo tulivyokuwa tumekubaliana darasani kuwaita wapinzani wetu, kama mawakili wanavyofanya, na mimi niliona ni mapambo tu ya kazi. Bakari aliinua kichwa. Sijui ni neno lile au ni kuchokozwa, lakini aliufuta uso kwa mkono wa shati akaanza.

"Mheshimiwa, msomi mwenzangu ameeleza vizuri tabia ya mbuzi. Nakubaliana naye kwa kila neno."

Darasa likaguna. Hata mimi.

"Mteja wangu alijua mbuzi wake hula karatasi. Lakini nani mwingine aliyejua? Mlalamikaji alijua. Kila jioni alisimama pale pale na viazi vyake, akimlisha mbuzi huyo huyo gazeti lake kwa mkono wake, na kucheka. Kisha akachukua kazi yake akaibandika chini, mahali mbuzi hahitaji hata kuinua shingo, akapanda ngazi. Aliijua hatari, akaikubali. Na kuhusu hasara, Mheshimiwa, mimi nililisoma jibu lile kabla halijaliwa. Lilisema mkataba hauhitaji maafikiano. Mbuzi amemwokoa mlalamikaji na aibu, na mteja wangu angeweza hata kudai shukrani."

Wafula aliangua kicheko kuliko wote, akagonga meza. Mtahini alikuwa anaandika huku mabega yanatikisika. Aliwauliza maswali wote wawili, wakajibu, sasa wanapokezana juu ya ubao kama watu waliozaliwa mahakamani, msomi mwenzangu huku, msomi mwenzangu kule. Mwishowe akatoa uamuzi: madai yametupiliwa mbali, na mawakili wote wawili wamefaulu vizuri.

Mama Saumu alipiga kigelegele. Bakari hakufurahi hata kidogo. Alikuwa amemshinda mama mkwe wake mbele ya watu, na alikwama nyuma ya ubao ule hataki kutoka. Wafula, ambaye hajui kuliacha jambo, akamwendea Bi. Mwanasha.

"Mama, si ulimwachia tu? Sema ukweli. Ulimwachia ashinde."

Bi. Mwanasha akamgeukia, na ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika.

"Wafula mwanangu, nisikilize. Mtoto wa watu amesoma, amefanya kazi kwa akili yake. Nimwachie, kama mtu anayemwachia mtoto mdogo kwenye mchezo wa bao? Huko ndiko kumvunjia heshima. Nimempiga kwa nguvu zangu zote, naye amenishinda." Akainua sauti kidogo, akielekea ubaoni. "Na Mariamu ataambiwa hivyo hivyo leo hii."

Nyuma ya ubao nikasikia mtu anavuta pumzi, kisha anapenga kamasi. Sikwenda kutazama. Mimi nami nilikuwa na shughuli na leso yangu.

Sasa, mwenye blogu, nenda ukawaambie wanafunzi wako wachague lakabu, na uwaulize kuhusu mbuzi wao, sio wa kitabuni. Ukikuta wawili wanapigana, usiwatenganishe.

Ubao ule chuo kilitaka kuutupa kilipohamia jengo jingine. Bi. Mwanasha aliniomba, nikampa, nikadhani anautaka kwa kikundi chake. Baada ya miaka kadhaa nilialikwa kwake Mwabungo siku ya Idi. Bakari alikuwa barazani, sasa ni karani mzima wa Kwale, amebeba faili chini ya kwapa hata sikukuu, na binti yake mdogo anampanda mgongoni. Kwenye mlango wa ndani, palipostahili kuwa na pazia, ulikuwa umesimama ubao wetu, umepunguzwa kwa msumeno ukatosha, na mtoto ameujaza michoro ya chaki. Nyuma yake palikuwa na sauti ya vikombe. Tulikaa, tukala mahamri, na wao wawili wakaendelea na mabishano ambayo bila shaka yalianza kabla sijafika, kuhusu jirani na mnazi uliopinda ukaangusha nazi upande wa pili wa ua. Bakari alitaja sheria. Sauti ya ndani ikataja nyingine. Bakari akajiweka sawa kwenye mkeka, akamshusha mtoto, akakohoa kama anayeanza upya.

"Msomi mwenzangu," ikasema sauti nyuma ya ubao, "naomba kesi iahirishwe. Chai ya mgeni inapoa."

"Sina pingamizi," akajibu Bakari.